Farasi Watano wa Argentina na Jeni ya Misuli

Kati ya Oktoba na Novemba 2024, farasi watano walizaliwa nchini Argentina bila dume lolote kuhusika. Wote ni nakala za Polo Pureza, farasi jike aliyeshinda tuzo katika polo, mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo ukiwa juu ya farasi. Kampuni ya Kheiron Biotech ya Buenos Aires ilichukua seli zake na kuzihariri kwa CRISPR, ule mkasi wa kimaabara unaokata vinasaba mahali palipokusudiwa. Baada ya hapo seli hizo ndizo zilizotumika kutengeneza viinitete. Shabaha ilikuwa jeni ya miostatini, na miostatini ni breki: kazi yake mwilini ni kuzuia misuli isikue kupita kiasi. Ukiilegeza breki hiyo, unategemea farasi mwenye mfyatuko mkali zaidi anapoanza kukimbia. Hawa ndio farasi wa polo wa kwanza duniani kuhaririwa jeni.

Chama cha Polo cha Argentina kilisema hakitawaruhusu kucheza. Rais wake, Benjamín Araya, alieleza kwamba jambo hili linaondoa mvuto na uchawi wa ufugaji. Kwake raha yote iko katika kuchagua jike, kuchagua dume, kuwapandisha, kisha kusubiri ukitumaini atoke mzuri. Chama cha wafugaji wa farasi wa polo kimekwenda pole zaidi: kitawafuatilia farasi hao kwa miaka minne au mitano kabla ya kuamua kama wataingia kwenye daftari la nasaba.

Mimi naliunga mkono katazo hilo, lakini sababu iliyotolewa siikubali. Tofauti hiyo si ndogo. Katazo lililojengwa juu ya sababu dhaifu huanguka siku ya kwanza mtu mwenye fedha anapolisukuma.

Uchawi huo ulikwisha kuuzwa zamani, tena Argentina kwenyewe. Mwaka 2006, katika fainali ya mashindano makubwa ya nchi pale Palermo, farasi dume aitwaye Aiken Cura alivunjika mguu. Mpandaji wake, Adolfo Cambiaso, ambaye wengi wanamhesabu kuwa mchezaji bora wa polo wa zama hizi, aliwasihi madaktari wamwokoe. Haikuwezekana, ila kabla ya kuuawa farasi huyo alichukuliwa seli, zikagandishwa. Miaka michache baadaye Cambiaso alikuwa ameingia katika biashara ya nakala. Mwaka 2010 nakala ya farasi wake maarufu, Cuartetera, iliuzwa mnadani kwa dola 800,000. Na katika fainali ya Palermo ya mwaka 2016, Cambiaso alipanda nakala sita za Cuartetera huyo huyo mmoja, akibadilisha farasi kipindi hadi kipindi kama ilivyo kawaida ya polo. Timu yake ya La Dolfina ikatwaa kombe.

Mchezo ulioshangilia nakala sita za jike mmoja katika fainali moja hauwezi leo kusimama na kudai kwamba unatetea bahati ya kupandisha na kusubiri. Bahati hiyo ilifutwa siku ile. Kwa hiyo wanasayansi wa Kheiron wakiuliza "tofauti ni nini?", wana haki ya kujibiwa kwa hoja yenye uzito.

Hoja yao wenyewe ina nguvu kuliko wapinzani wao wanavyotaka kukiri. Wanasema hawakumwingizia farasi kitu kigeni, bali badiliko ambalo tayari lipo kwa farasi wengine, na ambalo upandishaji wa kawaida ungeweza kulifikisha hapo baada ya vizazi kadhaa. Ukitazama farasi wa mbio wa Kiingereza, wale wa Thoroughbred, utaona madai hayo hayatoki hewani. Mwaka 2010 kundi la Emmeline Hill wa University College Dublin, Ireland, lilionyesha kwamba tofauti ndogo katika jeni hiyo hiyo ya miostatini inatabiri umbali ambao farasi atauweza. Farasi hurithi nakala mbili za jeni, moja kwa kila mzazi, na hii huja kwa aina mbili, C na T. Mwenye nakala mbili za C hufaa mbio fupi, mwenye mbili za T hufaa mbio ndefu, na mwenye moja ya kila aina huwa katikati. Tangu hapo wafugaji hupima damu ya mtoto wa farasi kabla hajatiwa hatamu, na hutumia jibu kuamua nani apandishwe na nani. Binadamu amekuwa akiichagua jeni hii kwa karne nyingi bila kuijua jina. Kilichobadilika ni kwamba sasa anaichagua kwa siku moja.

Kinachonitia wasiwasi ni historia ya farasi mwingine, ambaye hakuwahi kuguswa na maabara.

Mwaka 1969 alizaliwa Marekani dume wa aina ya Quarter Horse aliyepewa jina la Impressive. Alikuwa na misuli iliyochorwa kama ya sanamu. Katika mashindano ambayo farasi hapandwi wala hakimbii, anasimamishwa tu mbele ya majaji watazame umbo lake, Impressive alikuwa bingwa. Kila mfugaji akamtaka. Akapandisha na kupandisha, na uzao wake ukafika makumi ya maelfu. Baadaye wenye farasi wakaanza kuona mambo ya ajabu: mnyama mwenye afya anatetemeka ghafla, misuli inamlegea, anaanguka, na mara nyingine hafufuki. Mwaka 1992 chanzo kilipatikana. Ni kosa moja katika jeni inayoongoza mlango wa sodiamu kwenye seli za misuli, na kosa hilo lilifuatiliwa hadi kwa Impressive. Hata majani mazuri ya lusani, kwa sababu yana potasiamu nyingi, yanaweza kumwangusha farasi mwenye kosa hilo.

Ugonjwa huo haukuenea kwa kujificha. Ulienea kwa sababu farasi waliokuwa nao walipendwa. Misuli yao iliwavutia majaji, medali zikaja, na medali zikaleta majike zaidi wa kupandishwa. Hata baada ya kipimo kupatikana, iliwachukua miaka mingi viongozi wa chama cha Quarter Horse kufunga mlango: ni watoto waliozaliwa kuanzia 2007 tu, wenye nakala mbili za jeni hiyo mbovu, waliokataliwa kuandikishwa. Wenye nakala moja waliendelea kukubaliwa. Miaka kumi na mitano ilipita kati ya kujua na kutenda, na katikati yake kulikuwa na fedha.

Hapo ndipo naona tofauti inayouliziwa. Upandishaji wa kawaida ni wa polepole, na upole huo humpa mtu nafasi ya kuona anachokifanya kabla hakijawa kingi. Hata kwa upole huo, Impressive alipenya. Sasa chukua jeni ya misuli, ihariri, iweke ndani ya nakala ya bingwa, kisha iachie soko ambalo limekwisha kuonyesha linaweza kulipa dola 800,000 kwa nakala moja. Kasi ya kusambaa itakuwa ya namna nyingine kabisa.

Miostatini yenyewe imetuonya kwa wanyama wengine. Ng'ombe wa Belgian Blue wamezaliwa na jeni hiyo ikiwa imeharibika kiasili. Nyama wanayo tele, lakini majike wengi hawawezi kuzaa bila kupasuliwa. Kwa mbwa wa mbio wa aina ya Whippet, mwenye nakala moja ya jeni iliyoharibika hukimbia kuliko wenzake, na mwenye mbili huwa pande la nyama lisilo na kasi. Sisemi farasi wa Kheiron watapatwa na hayo. Badiliko lao si lile. Nasema kwamba jeni hii ina tabia ya kudai malipo mahali usipopatazama. Na farasi ana mahali hapo pa wazi kabisa, yaani miguu. Mhandisi akiongeza nguvu ya injini bila kugusa ekseli tunajua kitakachovunjika. Aiken Cura hakuhitaji misuli ya ziada ili mguu wake uvunjike.

Suala la pili ni uchache wa damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliopima vinasaba vya farasi wa Thoroughbred zaidi ya 10,000 kutoka nchi mbalimbali, ulionyesha kwamba kuzaliana ndani ya ukoo mmoja kumekuwa kukiongezeka kwa miongo mitano. Asilimia 97 ya farasi hao walikuwa na dume mmoja, Northern Dancer aliyezaliwa 1961, katika nasaba zao. Hao ni farasi ambao sheria zao zinakataza hata uhimilishaji. Lazima dume apande jike mbele ya macho ya watu. Kama kizuizi kikali hivyo hakikuzuia ukoo kubana, polo isiyo na kizuizi itafika wapi?

Lakini kwenye hoja hii hii upande wa pili una mfano ambao siwezi kuupita. Farasi mwitu wa Mongolia, wa Przewalski, wote waliopo leo wanatokana na farasi mwitu kumi na wawili tu waliokamatwa. Agosti 2020 alizaliwa Texas mtoto aliyeitwa Kurt, nakala ya dume ambaye seli zake ziligandishwa mwaka 1980 katika hifadhi ya wanyama ya San Diego. Dume huyo alikuwa na vinasaba ambavyo vimebaki kwa wachache sana, na kwa njia ya Kurt vinaweza kurudishwa kwenye kundi. Maabara ile ile inayoweza kuufanya ukoo wa polo uwe mwembamba inaweza kuupanua ukoo uliokuwa unakufa. Anayesema kunakili farasi ni kosa kwa asili yake hana jibu kwa Kurt.

Hoja ya magonjwa, ambayo watetezi huipenda, naiona ndogo kuliko inavyotangazwa. Farasi wa Kiarabu wana ugonjwa wa kurithi unaowanyima kinga ya mwili, na mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa mama na baba hufa akiwa na miezi michache. Kipimo kipo tangu mwaka 1997. Ukipima, usipowapandisha wabebaji wawili pamoja, ugonjwa hautokei. Kuhariri hakuhitajiki hapo, isipokuwa kwa ukoo mdogo ambao kuwatupa wabebaji kungeumaliza.

Mfano unaonigusa zaidi uko karibu na nyumbani. Farasi hawakustawi katika sehemu kubwa ya Afrika yetu kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa nagana anaoueneza, na mpaka leo nagana inaua ng'ombe wa mfugaji ambaye mali yake yote ni ng'ombe hao. Nyani hawaugui, damu yao ina protini inayoviua vimelea vingi vya jamii hiyo. Ndipo taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI, Nairobi, pamoja na taasisi ya Roslin ya Scotland, zikatengeneza nakala ya dume wa Boran, wakamwita Tumaini. Alikuwa hatua ya kwanza ya kuelekea ng'ombe atakayebeba jeni ya kinga kutoka kwa nyani. Hiyo ni jeni kutoka kwa mnyama mwingine kabisa, badiliko kubwa kuliko la farasi wa Buenos Aires. Na bado mimi ningeliruhusu lifuatiliwe kwa uangalifu, kwa sababu mnyama mwenyewe ndiye anayefaidika wa kwanza: haugui. Kwa Polo Pureza na nakala zake sioni faida yoyote kwa farasi. Alikuwa bingwa kabla hajaguswa.

Iko pia habari ya mwenye mali, nayo nitaipitia haraka. Ushirika wa Cambiaso na mfanyabiashara wa Marekani aliyemtengenezea nakala uliishia mahakamani Florida, wakigombania haki ya kuuza Cuartetera wa maabara. Kwa nakala tu ugomvi ulifika huko. Kwa jeni iliyohaririwa, yenye kampuni nyuma yake, mfugaji mdogo wa pampas, mbuga za Argentina, ataingia kwenye ugomvi huo akiwa na wakili gani?

Kwa hiyo miaka ile minne au mitano ya wafugaji naiona ya maana kuliko katazo la uwanjani, ilimradi watazame mahali panapostahili. Kasi itajionyesha yenyewe, kila mtu ataisubiri. Watazame kano na mifupa ya miguu baada ya mazoezi, watazame majike hawa watano wakizaa itakuwaje, na watazame watoto wao kwa watoto wa farasi wa kawaida. Na majibu yachapishwe hata yakiwa mabaya kwa kampuni. Kabla ya hapo, hakuna hata mmoja wa watano hao anayepaswa kuingia kwenye daftari la nasaba.