Jangwani Hakuna pa Kujificha

Kama kuna neno limewahi kuniponza maishani, ni neno "binafsi".

Shemeji yangu anafanya kazi za utalii huko Namibia. Siku moja akapiga simu: kuna wageni wawili wameghairi safari dakika za mwisho, chumba kimeshalipiwa, siku tatu kwenye loji ya kifahari kusini mwa Sesriem, kwenye jangwa la Namib. Kula bure, kulala bure, na matembezi yote mtapelekwa na mwongozaji wenu binafsi. Jitafutieni nauli tu. Mke wangu alianza kukunja nguo kabla simu haijakatwa. Mimi niliposikia "binafsi" nikajiona kabisa: mimi, kiti, kofia usoni, na hakuna wa kunisemesha. Kumbe binafsi ya wenye hela ina maana nyingine. Maana yake ni kwamba wale watu wote ambao wangegawana kusumbua wageni thelathini, wanakusumbua wewe peke yako.

Mimi ni mtu wa ziara za basi, sifichi. Kwenye basi la watu arobaini kuna kiti cha nyuma. Mwongozaji anahangaika na wale wa mbele wenye madaftari, wewe unasinzia, mkifika unashuka, unapiga picha, unarudi nyumbani unawaambia watu "pazuri". Sasa huku gari lina viti tisa na abiria wawili, na mmoja wao ni mke wangu, ambaye akiulizwa swali ananigeukia mimi.

Na maswali yalikuwepo. Mwongozaji wetu ni kijana mpole, sauti ya taratibu, lakini ana macho ya mwalimu wa zamu. Hatujamaliza hata nusu saa barabarani, akasimamisha gari.

"Bwana, unafikiri kwa nini mchanga wa huku ni mwekundu?"

Nikasema, "Jua?"

Akatabasamu lile tabasamu la kumwambia mtoto amejaribu. Kumbe ni chuma. Punje za mchanga zimevaa kutu, na jinsi zinavyokaa miaka mingi ndivyo zinavyozidi kuwa nyekundu. Nikamezea. Geti la nyumbani kwangu lina kutu mwaka wa saba huu na hakuna mtalii hata mmoja aliyekuja kulipiga picha.

Asubuhi ya kwanza tuligongewa mlango saa kumi alfajiri. Saa kumi! Mwezi wa saba jangwa hili usiku lina baridi ya kung'ata mifupa, na mimi nilishafungasha kaptura tatu kwa sababu akilini mwangu jangwa ni joto. Tukafungwa mablanketi kama mizigo, tukapakiwa kwenye gari lisilo na madirisha, safari ya kwenda kuwahi jua kwenye vilima vya mchanga vya Sossusvlei. Tukafika geti la Sesriem, foleni. Magari ya binafsi, mabasi, wote tumesimama tukitoa moshi mdomoni. Geti hufunguliwa jua likichomoza. Lakini waliolala ndani ya hifadhi wanaruhusiwa kupita saa nzima kabla. Na hao wengi ni watu wa mahema! Mtu amelala chini, amepika uji kwenye kopo, kishanitangulia mimi mwenye mito sita kitandani.

Tulipofika kwenye kilima namba 45, ambacho kimepewa namba hiyo kwa kuwa kiko kilomita 45 kutoka getini, wenzetu wa mahema walikuwa juu ya kingo kama sisimizi, wanateremka. Jua limeshachomoza, limeshatazamwa, limeshapigwa picha. Sisi tukapewa lililobaki.

Mbele zaidi lami inaisha, kilomita tano za mwisho ni mchanga mtupu, halafu unatembea kwa miguu hadi Deadvlei. Kilichokuwa kinaningoja huko ni kilima chenye mita kama 325, na mke wangu, ambaye nyumbani akipanda ghorofa mbili anaomba kiti, akasema twende juu. Kupanda mchanga ni kama kulipa deni la riba: unapiga hatua mbili, moja inarudi. Nikawa nasimama kuhema. Sasa hapo ndipo nilipojua ubaya wa kuwa na mwongozaji wa peke yako. Kila nikisimama, naye anasimama. Anadhani nimeona kitu.

"Ah, umemwona!" akaniambia, nami macho yamejaa jasho sioni hata viatu vyangu. Akachuchumaa. Kweli palikuwa na mbawakawa mweusi mdogo kama kunde, anakwenda mbio miguu mirefu. Huyu bwana, tukaambiwa, ni fundi. Bahari ya upande ule ni ya baridi, ukungu unatoka huko unaingia jangwani alfajiri. Wapo mbawakawa wa jamii yake ambao huupandia juu ya kilima, wakasimama kichwa chini makalio juu, ukungu ukawagandia mgongoni, ukawa matone, matone yakateleza mpaka mdomoni. Ndiyo kunywa maji huko. Mke wangu akasema, "Umeona? Mwenzio anajitafutia. Wewe hata glasi unaletewa." Nikashindwa kujibu, pumzi zilikuwa bado ziko bondeni.

Deadvlei yenyewe sitaisema vibaya. Ni kiwanja cheupe cha udongo mkavu, kimezungukwa na vilima vyekundu, na ndani yake migunga iliyokufa karne kadhaa zilizopita na bado imesimama wima, myeusi kama mkaa. Mto Tsauchab ulikuwa unaifikia, mchanga ukauzibia njia. Na kwa vile pamekauka mno, miti haiozi. Nilikaa kimya pale, kwa hiari yangu, dakika mbili nzima. Mke wangu akanipiga picha. Ukiiangalia hutofautishi mgunga ni upi na mimi ni yupi, isipokuwa mmoja wetu ana kaptura.

Sasa nifike kwenye lile lililoniuma.

Mchana wa siku ya pili tulipelekwa kwenye tambarare. Majani mafupi ya rangi ya dhahabu, na katikati ya majani kuna miduara ya udongo mtupu, mamia kwa mamia, kama mtu amepita akinyoa vipara. Wataalamu wanabishana: wapo wanaosema ni kazi ya mchwa, wapo wanaosema ni majani yenyewe yanagombania maji. Kijana akaizunguka hoja pande zote, kisha akaniuliza mimi niko upande gani. Mimi nilikuwa upande wa kutafuta choo. Chai ya loji haina mwisho; ukiweka kikombe chini kinajaa.

Nikamnong'oneza kwamba naomba kuchimba dawa. Akasema kwa heshima zote, "Chagua popote, bwana."

Popote! Mtu anasema popote mahali ambapo mti wa karibu uko mkoa mwingine. Nikaanza kutembea. Hatua mia, nikageuka: mke wangu ananipungia mkono. Hatua mia mbili: bado naona hereni zake. Nchi imelala kama mkeka, haina hata kichuguu cha kukusitiri goti. Nikatembea mpaka gari likawa kama kiberiti, nikajipanga, nikageukia milimani. Hapo hapo nikahisi natazamwa. Choroa. Dume zima, pembe kama mikuki miwili, amesimama hatua kama thelathini hivi, anatafuna na kuniangalia bila aibu. Nikamsubiri aondoke. Naye akanisubiri mimi nianze. Mwisho nikafunga macho.

Nilipomaliza nikatazama kule kwenye gari, nikamwona kijana ameinua darubini.

Baadaye akaeleza kwamba alikuwa anamwangalia choroa. Akatusomesha kabisa: mnyama yule joto la mwili linaweza kupanda likapita digrii 40 na asife, kwa sababu damu inayokwenda kwenye ubongo inapozwa kwanza na mishipa midogo ya puani. Mimi nilitingisha kichwa tu, sikutaka kuuliza darubini ile inakuza mara ngapi. Usiku ikaletwa nyama, laini, ina mchuzi mzito, nikasifia, nikaomba na nyongeza. Mhudumu akasema ni choroa. Nilitafuna huku nikihisi angalau shahidi mmoja amepungua.

Lakini shahidi alibaki. Asubuhi iliyofuata somo lilikuwa kusoma nyayo. Kijana anainama: hapa amepita mbweha, huu mchirizi ni wa nyoka, hawa ni mbawakawa wawili wamepishana. Tukafika mahali fulani, akanyamaza. Nami nikazitambua raba zangu. Zinakwenda moja kwa moja, zinasimama, zinageuka geuka, kisha zinarudi kwa hatua ndefu zenye furaha. "Na huyu?" mke wangu akauliza, naye anajua vizuri. Kijana akasema, "Huyu ni dume mzee, anaishi peke yake," akasonga mbele. Nampa heko, hakucheka mpaka alipotupa mgongo.

Usiku wa mwisho walituzimia taa tutazame nyota. Hifadhi ya NamibRand ya upande huu tangu mwaka 2012 inatambuliwa kimataifa kwa giza lake. Giza lina cheti! Nyota kweli zilikuwa nyingi mpaka unaona kama zinakugusa kichwa, lakini mimi macho yalikuwa chini, natafuta kizingiti. Nikapapasa mpaka kitandani, nikaingiza mguu ndani ya shuka, ukagusa kitu cha moto, laini, kinacheza cheza. Nilitoka kitandani bila kutumia miguu. Walikuwa wametuwekea chupa za mpira za maji ya moto. Kwa ukarimu. Bila taarifa.

Siku ya kuondoka ikaja ya bahasha. Kwenye basi kofia inapitishwa, watu arobaini, unatumbukiza chochote unatazama dirishani. Huku ni wewe na kijana uso kwa uso, ametupandisha milima na kutuvusha aibu. Na dola ya Namibia na randi ya Afrika Kusini thamani yake ni moja na zote zinapokelewa, kwa hiyo hata kile kisingizio cha "sina hela ya huku" kimefungiwa mlango. Nikatoa ile ya kununulia zawadi za majirani.

Kisha meneja akaniletea fomu ya maoni, na kalamu. Yeye akasimama kulia. Kijana kushoto. Mpishi akatoka jikoni anafuta mikono, mhudumu wa chai na birika lake, na aliyeweka zile chupa za moto, wote wametabasamu, wananisubiri. Swali la kwanza: je, ulipata faragha ya kutosha?

Nikaweka alama ya "bora sana". Nikaweka na la pili, na la tatu, mpaka chini kabisa, hadi pale palipoulizwa umri.