Holi kwenye ukingo wa gitaa: je, weupe wake una thamani ya gharama yake?

Ukanda mwembamba unaozunguka mwili wa gitaa, pale uso unapokutana na ubavu, watu wengi huuchukulia kuwa pambo, ilhali kazi yake ya kwanza ni kinga. Uso wa gitaa la akustika kwa kawaida huwa wa sprusi, mti laini ambao ukingo wake ukiachwa wazi hupondeka ukigongwa na hufyonza unyevu upesi. Fundi huchonga mfereji ukingoni na kupachika humo ukanda wenye unene wa milimita 2 hivi na kimo cha milimita 6 hivi. Anayetaka mstari mweupe kwa kutumia mti wa asili huelekezwa mara nyingi kwenye holi, mti wa majani yenye miiba na matunda mekundu ambao watu wa Ulaya na Marekani hupambia nyumba zao wakati wa Krismasi.

Sifa ya holi ni weupe unaokaribia pembe, pamoja na nyuzi laini ambazo pete zake za ukuaji hazionekani kwa urahisi. Pembe za ndovu zenyewe zilizingira magitaa ya kifahari ya karne ya 19, lakini tangu CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ulipopiga marufuku biashara yake ya kimataifa, kwa uamuzi wa mwaka 1989, hakuna fundi mwenye busara anayezifikiria. Seluloidi, plastiki ya zamani iliyochukua nafasi yake, ina kasoro inayojitokeza polepole: baada ya miongo kadhaa hunywea kwa urefu, ikajivuta na kubanduka kwenye kiuno cha gitaa. Mti haufanyi hivyo, kwa sababu kunywea kwake kwa urefu wa nyuzi ni kudogo mno. Hoja hii, hata hivyo, inautetea mti wowote, na wapenzi wa holi huitumia kana kwamba ni ya holi peke yake.

Mshindani wake halisi ni mepo, mti ambao jani lake limo katika bendera ya Kanada. Wapo wanaoikataa holi kwa madai kwamba hunywea kupita kiasi inapokauka, lakini zikipimwa kwa kufuata mzingo wa pete za ukuaji, holi ya Marekani na mepo ngumu zote mbili hunywea kwa takribani asilimia 10 kutoka ubichi hadi ukavu kamili, na katika ukanda wa milimita 2 uliokwisha kukaushwa tofauti iliyobaki haina uzito. Pingamizi la maana ni jingine. Holi ni mti mdogo wenye vifundo vingi, na kupata vipande vilivyonyooka vya sentimita 80 hivi, urefu unaotosha nusu ya mzunguko wa gitaa, ni kazi. Tena hukatwa wakati wa baridi na kukaushwa bila kuchelewa, kwani ikilala katika joto kuvu huiingia na kuipa rangi ya kijivu au buluu isiyotoka. Ugumu huu wote unaingia katika bei. Mepo ni ngumu kuliko holi, hupatikana kwa urahisi na ni rahisi zaidi mfukoni, ila weupe wake una umanjano kidogo.

Hata holi safi inaweza kuharibikia mikononi mwa fundi. Mgongo na mbavu zikiwa za miti ya jamii ya Dalbergia, jamii ya mpingo wetu, vumbi lake jeusi husukumwa na msasa hadi ndani ya ukanda mweupe. Vanishi yenye spiriti, ikiwemo shelaki, huyeyusha rangi ya mti huo na kuitiririsha kuelekea holi. Dawa yake ni kuikwangua holi kwa bamba la chuma badala ya msasa, na kupaka shelaki ya kwanza kwa kufuata urefu wa ukanda, si kwa kuupita kutoka upande mweusi.

Halafu kuna umaliziaji, jambo ambalo naona halipewi uzito unaostahili. Vanishi ya nitroselulosi hugeuka manjano kadiri miaka inavyopita, na holi yenyewe hupoteza weupe kwa mwanga. Gitaa lililopakwa vanishi hiyo, baada ya miaka 20 au 30, litakuwa na ukanda wa rangi ya malai, na hapo ni jicho la nadra litakalotofautisha holi na mepo iliyochaguliwa vizuri. (Kampuni ya Gibson katika miaka ya 1950 ilibandika holi kwenye vichwa vya magitaa yake ya umeme ya Les Paul kisha ikaipaka weusi; huko ulaini wa nyuzi ndio uliohitajika, weupe haukuwa na kazi.)

Kwa hiyo ningechagua holi kwa gitaa lenye mwili mweusi, litakalomaliziwa kwa vanishi ya maji isiyobadilika sana, na kwa mteja anayeutaka ule mkato mkali wa rangi na yuko tayari kuulipia. Kwa mwili wa mahogani wenye vanishi ya nitroselulosi ningechukua mepo, na fedha iliyobaki ningeitia katika sprusi ya uso, inayochangia sauti kuliko ukanda wowote.