Mipango Miji: Tuanze na Ardhi Isiyokomboleka

Idara ya mipango miji ya karibu jiji lolote huwa na orodha ya kazi inayozidi fedha na wataalamu ilio nao. Mpango kabambe unasubiri kupitiwa upya, maombi ya kubadilisha matumizi ya ardhi yamerundikana, makazi holela yanangoja kurasimishwa, na katikati ya jiji panatakiwa kuendelezwa upya. Kinachonikera ni namna foleni hiyo inavyopangwa, kwa kuwa mara nyingi hutangulia mradi wenye michoro ya kuvutia, wenye mfadhili, au ule ambao mwekezaji wake hachoki kubisha hodi.

Kwa maoni yangu, kigezo cha kwanza kinapaswa kuwa hasara ya kuchelewa. Kila mradi uulizwe: tukiuahirisha kwa miaka mitano, tutapoteza nini, na je, tutaweza kukipata tena? Kanuni za maegesho zinaweza kurekebishwa mwaka wowote, na mnara wa ofisi utajengwa siku soko litakapouhitaji. Hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, mkondo wa maji ya mvua au eneo la shule likishavamiwa na nyumba, kulikomboa kunahitaji fidia, kesi na ubomoaji, na aghalabu jiji husalimu amri.

Tazama yanayotokea pembezoni mwa jiji. Shamba linakatwa vipande, muuzaji anaacha kichochoro cha kupita mtu na toroli, kisha kila mnunuzi anasogeza ukuta wake hadi ukingoni kabisa. Baada ya miaka michache gari la zimamoto haliwezi kuingia, na bomba la majitaka halina pa kupita. Laiti bikoni, yaani alama za mipaka, za barabara kuu na mifereji zingewekwa kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa, lami ingeweza kusubiri hata miongo miwili bila madhara makubwa.

Mpango wa mitaa ya Manhattan wa mwaka 1811 ulifanya hivyo hasa: ulichora barabara hadi mtaa wa 155 wakati sehemu kubwa ya jiji la New York ilikuwa bado kusini mwa kisiwa. Hata hivyo, ulitenga maeneo machache mno ya wazi. Katika miaka ya 1850 jiji lililazimika kutwaa ardhi kwa ajili ya bustani ya Central Park, na kufikia mwaka 1857 wakazi wa Seneca Village, makazi yaliyokuwa kwenye ardhi hiyo, wengi wao Wamarekani Weusi na baadhi yao wakimiliki viwanja vyao, walikuwa wameondolewa.

Wapo watakaosema kwamba ni ukatili kushughulikia mashamba matupu ilhali maelfu wanaishi mabondeni leo. Hoja hiyo ina uzito, nami sioni kwamba inapingana na kigezo changu, kwa sababu uhai wa mtu uliochukuliwa na mafuriko haurudi kamwe. Mitaa iliyo kwenye njia ya maji inastahili kukaa juu ya orodha pamoja na hifadhi za pembezoni. Kitakachoshuka ni miradi ya kupendezesha jiji, ambayo, kusema kweli, ndiyo inayopendwa na wenye kukata utepe.

Majedwali ya alama yanayotumiwa kupanga miradi hayana ubaya, ila ni rahisi kuyachezea: anayelijua jibu analolitaka hubadilisha uzito wa vigezo mpaka jibu hilo litoke. Dawa yake ni kuutangaza uzito huo hadharani kabla mradi wowote haujapewa alama, na kila mwaka wa fedha kutoa orodha ya miradi iliyoahirishwa pamoja na sababu zake. Bajeti nayo itenge fungu la kulinda ardhi iliyokwisha kutengwa, kwa kuwa bikoni isiyokaguliwa hung'olewa usiku mmoja, na ofisa wa ardhi anayekuja baada ya miaka mitatu hukuta msingi wa nyumba umeshamwagwa zege.