Tulivyopwelewa na Mama Mkwe Manda

Ratiba ya likizo yetu ya Lamu iliandaliwa na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ambaye ni mhasibu na ambaye hakubali kwamba jambo limetokea mpaka aone limeandikwa katika safu yake. Aliipiga chapa kwa rangi, akaitia ndani ya plastiki isilowe, kisha akamgawia kila mmoja wetu nakala. Ngome ya Lamu ilipewa dakika 40, Makumbusho saa moja, hospitali ya punda dakika 20. Ufuo wa Shela, wenye mchanga wa kilomita 12 hivi, ulipewa saa mbili na nusu pamoja na kupiga picha, na machweo yakatengewa dakika 15, kana kwamba jua nalo lilikuwa limepokea nakala yake. Mimi sikuwa na neno. Anayelipa nauli ndiye anayepanga, na shemeji alikuwa amelipa nauli ya watu wote, akiwamo mama yake mzazi.

Sisi ni watu wa Bungoma. Kwetu mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali: hawapeani mikono, hawaketi kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja hutoka pembeni kumpisha mwenzake. Huko nyumbani desturi hiyo haina taabu yoyote, kwa sababu njia ina mashamba ya miwa pande zote mbili. Unaingia kwenye miwa, mama anapita, unatoka. Lamu hakuna miwa. Mji wa kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na vichochoro vyake vingi ni vyembamba kiasi kwamba punda mwenye mizigo akipita, binadamu hujibandika ukutani na kuvuta tumbo ndani. Jioni ile tuliyofika nilijikuta katika kichochoro cha namna hiyo, nyuma yangu punda wawili wenye magunia ya mchanga, na mbele yangu mama mkwe akija taratibu na mwamvuli wake. Nilirukia ndani ya daka la nyumba ya watu. Mwenye nyumba, mzee mwenye kofia ya vito, aliniona nimeketi kwenye benchi lake la mawe nikihema, akaitikia salamu ambayo sikuwa nimeitoa, na kabla sijapata maneno ya kujieleza nilikuwa nimeletewa kahawa na kisahani cha halua. Mama mkwe alipita. Punda walipita. Mimi nilibaki pale mpaka Magharibi, kwa kuwa si adabu kunywa kahawa ya mtu ukakimbia, na ratiba ikaandikwa kwamba nimekosa machweo.

Taabu yenyewe, hata hivyo, ilitungoja Takwa. Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili ulioko kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari unaotenganisha kisiwa hicho na Lamu. Ulisitawi katika karne ya 16 na ya 17, kisha wenyewe wakauhama, na watu wa Shela, ambao kwa mapokeo wanatokana na wenyeji wake, hadi leo huenda kuzuru kaburi lake lenye mnara na kuomba mvua. Njia ya kawaida ya kuufikia ni mashua, kwa kufuata hori jembamba lililojipenyeza kati ya mikoko, na hori hilo huwa na maji ya kutosha bahari inapojaa tu. Jambo hili kila mtoto wa Lamu analijua. Ratiba ilisema saa 3 asubuhi.

Nahodha wa kwanza tuliyemwendea gatini alikuwa mtu mzima, na alitusikiliza mpaka mwisho bila kuacha kushona tanga lake.

"Baba, hii ni bamvua," alimwambia shemeji. "Mwezi umetimia juzi. Yamejaa saa kumi na nusu alfajiri, na saa nne na nusu yatakuwa yamekupwa kabisa. Ndooni saa nane mchana, tuingie na maji na tutoke na maji."

Shemeji alimwonyesha simu, ambayo ilikuwa na picha ya jua na haikuwa na wingu hata moja. Mzee aliitazama kwa heshima, kama unavyotazama picha ya mtoto wa mgeni.

"Hapo pameandikwa habari za mvua," alisema. "Mimi nakwambia habari za maji."

"Saa nane tuna punda," shemeji alisema, akigonga kidole juu ya plastiki.

"Punda watangoja."

Lakini shemeji hakuwa mtu wa kuwangojesha punda. Alitembea kando ya gati mpaka akampata kijana mwenye mashua ya mashine, aliyetazama bahari, akatutazama sisi, akatazama tena bahari, kisha akasema, "Tutawahi, inshallah." Shemeji aliandika kwamba tutawahi. Lile neno jingine hakulitia katika hesabu.

Kabla ya kupanda tulinywa madafu, kwa sababu ratiba ilitaka madafu saa 2:30. Mama mkwe alikunywa lake, akalisifu sana, na mimi kwa moyo wa ukwe nikampa mke wangu langu ampelekee. Akalinywa nalo lote. Naomba msomaji ayashikilie madafu hayo mawili.

Mama aliketi omoni, mimi nikaenda tezini kabisa na kugeuza uso, hivyo nikasafiri nikiwa natazama tulikotoka. Tulipoingia kwenye hori shemeji alisimama katikati, akaanza kutusomea: kwamba Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwamba boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi kwa karne nyingi hadi Uarabuni na Ghuba, zikaezeke nyumba za nchi isiyo na miti. Alikuwa bado hajaifikia hiyo Ghuba chini ya mashua yetu iliposema kwaruu.

Kijana aliinua mashine haraka, akachukua upondo na kusukuma. Upondo ulizama ndani ya tope ukanasa. Mashua, ambayo bado ilikuwa na maji kidogo, ilirudi nyuma. Kijana hakuuachia upondo, kwa hiyo kwa muda alibaki ameukumbatia katikati ya hori, sisi tukimwacha na yeye akitutazama, mpaka upondo ulipolala pole pole na kumlaza naye majini. Alirudi akitembea. Maji yalimfikia magotini, na alipokuwa akipanda yalikuwa yamekwisha kushuka chini ya magoti.

"Tumepwelewa," alisema.

"Mpaka lini?" shemeji aliuliza.

"Mpaka yarudi."

"Yaani saa ngapi?"

"Saa nane hivi."

Shemeji aliitoa ratiba, akaikodolea macho, kisha akatangaza kwamba tunaweza kuyahesabu masaa hayo kama mapumziko ya kesho kutwa. Kijana, kwa upande wake, alisema anakwenda kuwatafuta wavuvi wa kaa, akashuka, akatembea juu ya mizizi ya mikoko bila hata kutazama chini, akatoweka.

Sitakaa sana kwenye habari za jua. Kivuli kilikuwa kimoja, cha mwamvuli wa mama mkwe, na mimi ndiye mtu pekee katika chombo kile aliyekatazwa na mila kukikaribia. Tope liliendelea kujitokeza pande zote, likameremeta, likanuka yai, na vikaa vyekundu vikatoka matunduni na kutupungia gando moja moja. Shemeji alisoma tena kuhusu Ghuba. Ndipo mama mkwe, aliyekuwa amenyamaza kwa muda mrefu na akibadilisha kikao mara kwa mara, alipomwambia mke wangu kwa sauti ya chini ambayo mashua nzima iliisikia, "Mama Naliaka, mimi naenda kwenye ile miti."

Madafu mawili si mzaha. Miti ilikuwa karibu, hatua chache tu kwa macho. Mama alikunja gauni lake, akashuka upande wa omo kwa heshima zake zote, nasi wanaume tukageukia upande mwingine. Hatua ya kwanza ilimzamisha hadi kwenye kifundo cha mguu, ya pili hadi katikati ya muundi, ya tatu hadi gotini. Ya nne haikuwapo.

"Mama Naliaka," tulisikia, "hii nchi inanimeza."

Shemeji aliruka. Mtu anayeshuka taratibu katika tope la mikoko huzama taratibu. Anayeruka huzama papo hapo. Alisimama wima pale alipotua, mapaja ndani, viatu vikiwa vimekwenda vinakojua vyenyewe, ratiba ikiwa juu mkononi isichafuke. Mke wangu alitaka kusaidia, lakini alikuwa ameshikwa na kicheko kile kisichotoa sauti, akawa amelala sakafuni mwa mashua akigonga mbao kwa kiganja. Alipopata pumzi alisema, "Baba Naliaka, mvute mama!"

"Asinishike!" mama alisema.

"Mama, unazama."

"Mwambie nimeona kwamba nazama. Mwambie pia asinishike."

Nilikuwa karibu naye kuliko mke wangu alivyokuwa karibu na mimi, lakini ujumbe wote ulipitia kwake, kwenda na kurudi, kama inavyostahili. Nilimwomba mke wangu amuulize mama kama angekubali kushika mti. Mama alitafakari. Mila imekataza mkono wa mkwe. Kuhusu mti wa mkwe haikusema kitu. Akajibu kwamba mti atashika, mradi mimi nitazame kando. Basi nilisimama juu ya ukingo wa mashua, nikamnyooshea upondo huku macho yakiwa kwenye mikoko, nikahisi ameukamata, nikavuta.

Mguu mmoja ulitoka, kwa mlio ambao heshima hainiruhusu kuueleza. Nikatiwa moyo, nikavuta tena. Kwa bahati mbaya mama naye alitiwa moyo akavuta upande wake, na mama mkwe wangu amelima kwa jembe la mkono tangu kabla sijazaliwa, ilhali mimi kazi yangu ni ya kuketi. Niliondoka ukingoni kichwa kikitangulia. Tope la Manda lina ladha ya chumvi na ya kitu kingine. Nilipojaribu kuinuka mikono ilizama, nilipojaribu kupiga magoti magoti yalizama, na mama, ambaye sasa alikuwa na mguu mmoja nje na mmoja ndani na upondo umemtoka, alianza kuyumba. Alishika kilichokuwa karibu. Kilikuwa kichwa changu.

"Mwambie atulie," alimwambia binti yake. "Nimepata pa kushikia."

Nikatulia. Tulikaa hivyo mpaka kijana aliporudi na wavuvi wawili wa kaa, waliotazama hali yetu bila kuuliza swali hata moja, wakang'oa mbao za sakafu ya mashua na kuzitandaza juu ya tope. Mama alitambaa juu ya mbao hadi mitini, akamaliza haja yake, akarudi kwa njia hiyo hiyo akiwa mtu mwingine. Kisha walimng'oa shemeji kwa kamba. Mimi nilitolewa mwisho, na mmoja wao alinipangusa uso kwa kikoi chake, akauliza kama yule ni mama yangu. Nikasema ni mama mkwe. Akasema nina bahati, amenishika vizuri.

Simu, ambazo mjini zilikuwa zikisumbua, hapo katikati ya mikoko zilishika mtandao barabara. Mama hakungoja hata kunawa. Alimpigia baba yangu mkubwa kule Bungoma, ambaye ndiye huamua mambo ya ukoo, akaweka sauti ya juu ili mashahidi wasikie, akaeleza kila kitu kuanzia madafu.

"Tope lilifika wapi?" baba mkubwa aliuliza.

"Magotini."

"Magoti ya nani?"

"Yangu. Mkwe lilimfika masikioni."

"Nani alimshika mwenzake kwanza?"

Pakawa na mjadala. Mke wangu alisema mama ndiye aliyeshika. Mama alisema hakushika mkwe, alishika kilichokuwapo. Shemeji alisema kitaalamu tope ndilo lililomshika kila mtu. Baba mkubwa akasema ni jambo zito, atawauliza wazee wengine, tungoje.

Maji yalirudi wakati ule ule aliosema nahodha mzee, kidogo kidogo chini ya mizizi, kisha kwa wingi, mashua ikainuka kana kwamba haikuwahi kukwama. Tulifika Takwa tumekauka na kupasuka ngozi ya tope. Tuliona msikiti wa Ijumaa, tukaona mibuyu, tukaona kaburi la mnara, na ninaweza kusema ni mahali pazuri mno, ingawa picha zote zinatuonyesha sisi tukifanana na kuta. Shemeji, pekupeku, alitupa nusu saa.

Baba mkubwa alipiga tukiwa njiani kurudi, jua likizama nyuma ya minara ya Lamu. Wazee walikuwa wamekubaliana: kosa limetendeka, ni lazima mbuzi atolewe, lakini mkwe hana hatia kwa kuwa alishikwa, na mama hana hatia kwa kuwa alikuwa akizama. Mbuzi alipe aliyewapeleka mahali pale.

Shemeji alisema kwa haraka aliyetupeleka ni nahodha.

"Basi muulizeni," simu ilisema, "ana mbuzi?"

Kijana alipunguza mashine, akafikiri kwa uaminifu kabisa.

"Miye nina punda tu," alisema. "Na si wangu."