Shilingi Saba za Mahari

Kabla hatujashuka kwenye basi pale Kilolo, mshenga alinipa sharti moja: "Ukifika, sema kamwene, kisha funga mdomo. Kuongea ni kazi yangu."

Na kazi aliifanya. Wazee walianzia juu, akawashusha mpaka laki nne na blanketi la bibi. Ikabaki kukabidhi bahasha ya kianzio, ambayo niliifunga mwenyewe. Sasa mwalimu wa hisabati atawekaje laki moja na nusu kama watu wengine wote? Niliweka shilingi 142,857.

Noti hazikunisumbua. Tabu ilikuwa ile saba ya mwisho, maana siku hizi nani ana shilingi moja? Nilipekua kopo la vifungo la bibi yangu mpaka nikapata sarafu ya tano na mbili za shilingi mojamoja, zimefubaa kabisa.

Mjomba wa binti akahesabu noti kwa heshima zote, akafika kwenye chenji. Shilingi moja ikamponyoka, ikabingirika, ikapita katikati ya miguu ya shangazi na kuzama chini ya kabati la vyombo. Sebule nzima ilinyamaza kuisikiliza ikimalizia kuzunguka huko.

"Shilingi saba," mjomba akasema taratibu. "Binti yetu mmemwekea na shilingi saba."

Shangazi akauliza kama tumepitia kwa mganga. Mshenga naye maneno yalimwishia, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Nikamwomba mjomba atoe simu, afungue kikokotoo.

"Baba, hiyo pesa izidishe kwa mbili."

285,714.

"Kwa tatu."

428,571.

"Ngoja," mjomba akasema, akavuta kiti. Kwa nne, 571,428. Kwa tano, 714,285. Kwa sita, 857,142. Tarakimu zilezile sita, kwa mpangilio uleule, kila mara inaanza nyingine.

Babu aliyekuwa pembeni na ulanzi wake akainua kichwa. "Kumbe zinapokezana kikombe!"

Hapo nikapata mori. Nikaeleza kuwa ukigawa moja kwa saba, tarakimu hizo hizo hujirudia baada ya nukta bila kikomo. Kwamba ukiikata namba katikati, 142 na 857 zinaleta 999. Ukiikata vipande vitatu, 14, 28 na 57 zinaleta 99. Mchumba wangu alichungulia mlangoni akinipungia mkono. Nikadhani ananishangilia.

"Na kwa saba?" Mjomba hakusubiri jibu, alishabonyeza.

999,999.

Wazee wakaomba kutoka nje kidogo. Walirudi upesi mno, jambo ambalo kwenye mahari si dalili njema.

"Namba ya kijana tumeipenda," mjomba akasema. "Zile laki nne tuziache. Tunaomba hiyohiyo, mara saba, kama alivyotufundisha. Na mtuongezee shilingi moja ya kukamilisha milioni. Hiyo iko chini ya kabati, msihangaike."

Mshenga alikuwa ameshasimama, koti mkononi, shangazi alipoinama kwenye simu. "Na kwa nane, mwanangu?"

"Hapo inageuka kidogo, shangazi, inakuwa 1,142,856. Lakini ukichukua ile moja ya mbele ukaijumlisha na sita ya mwi..."

Mshenga alinikanyaga kwa kisigino.