Kabla hatujapiga kelele Geneva, tuisome leja ya Makete

Huku Uswisi wagonjwa wa kisukari wakitaka chama chao wanakutana, wanaandika katiba, basi: chama kimezaliwa kisheria, bila msajili. Nyumbani, kikundi cha wanaoishi na VVU pale Makambako mkoani Njombe kikitaka kuwa NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali, kinapita kwa msajili, cheti chake kinaisha baada ya miaka 10, na kanuni za 2018 zilitaka mkataba wa ufadhili unaozidi shilingi milioni 20 upelekwe serikalini ndani ya siku 10. Na vikundi hivi vinahitajika huko kuliko popote: utafiti wa 2022-2023 ulikuta maambukizi kwa watu wazima mkoani Njombe asilimia 12.7, wakati taifa zima ni 4.4.

Sisi wa ughaibuni tukisikia kikundi kimebanwa, tunaandika "tutawashtaki kimataifa". Wapi? Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iko Arusha, lakini mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu raia na NGO kwenda pale moja kwa moja. Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Banjul, Gambia, bado inapokea malalamiko, ila kwa kawaida uwe umeshamaliza mahakama za nyumbani.

Nyepesi zaidi ni barua kwa mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa wa haki ya afya. Hakuulizi umeshindwa kesi gani. Akiamua kuiandikia serikali, huipa siku 60 kujibu, kisha barua huwekwa hadharani. Mwathirika lazima aridhie kwanza.

Halafu kuna UPR, mapitio ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa kule Geneva, ambapo kila nchi huhojiwa na nchi nyingine; Tanzania ilikaa kitini 2011, 2016 na 2021. Taarifa ya shirika moja inaruhusiwa maneno 2,815, muungano wa mashirika 5,630, na Kiswahili hakimo katika lugha zinazopokelewa. Kazi yetu wa huku ni hiyo hapo: kutafsiri. Kusema waachiwe wenyewe.

Zinazotupwa ni taarifa za "huduma ni duni". Inayosomwa inatoka kwenye leja ya dawa ya zahanati, tuseme ya wilayani Makete, Njombe: tarehe safu ya salio iliposoma sifuri, tarehe dawa ilipoingia tena, nakala ya maombi yaliyotumwa katikati, na muhtasari wa kikao cha kamati ya zahanati. Leja ipigwe picha kwa ridhaa ya mganga mfawidhi. Rejista ya wagonjwa isiguswe kabisa. Kijijini herufi mbili za jina na umri zinatosha mtu kujulikana.

Pendekezo nalo lipimike. "Kuboresha huduma" kila serikali hulikubali, maana halina siku ya kuulizwa. Andika kifungu gani kibadilishwe na lini, ukurasa mmoja, uupeleke kwenye balozi za Dar es Salaam mapema, kwa sababu ukumbini kila nchi hupata dakika moja hivi.

Mwisho wa kupokea taarifa huwa miezi kadhaa kabla ya kikao. Nyingi hukwama zikiwa zimekamilika, zinasubiri sahihi ya mwenyekiti ambaye yuko shambani anavuna viazi na simu haishiki mtandao.