Vitufe Vimekumbatiana

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mswaki bado sijaushika, simu inaita. Mzee mwenye gesti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, tovuti yako imelewa."

Yangu! Jana jioni nilipomwonyesha kwenye laptopu ilikuwa yake, anawaita na wapita njia waje kuiona. Usiku mmoja tu imelewa, imerudishwa kwa baba mzazi.

Nikaifungua kwenye kompyuta: safi. Kwenye simu yangu: safi. Nikaazima ya jirani: safi, tena jirani akauliza chumba chenye feni ni bei gani. Basi nikapanda daladala hadi Temeke, nimesimama njia nzima, kwapa la mtu shavuni, nakwenda kuangalia vitufe vitatu.

Kweli bwana. "Weka Nafasi", "Bei" na "Piga Simu" vimekumbatiana kama ndugu wanaopokeana uwanja wa ndege. Simu yenyewe iPhone 6, toleo la 2014. Kioo kina ufa kutoka kona hadi kona, lakini mzee kila akiiweka mezani anailaza kifudifudi, tufaa lionekane.

Hapo ndipo nilipoona ugonjwa. Kwenye CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa tovuti, kuna neno gap. Unaliandika mara moja tu, na vitu vilivyopangwa kwa fleksiboksi, njia ya kuvipanga kwenye mstari, vinaachiana nafasi kwa adabu. Kwa vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti, Firefox ililijua tangu 2018, Chrome ikalipata 2020, Safari ikajikongoja mpaka 2021. Simu ya mzee iliishia mfumo wa iOS 12, yaani neno hili lilipofundishwa simu hiyo ilikuwa imeshaacha shule.

"Mzee, jaribu kusasisha."

"Nimesasisha. Inasema iko sawa."

Na haidanganyi. Kwa darasa lake iko sawa kabisa.

Mpwa wake akadakia kutoka mlangoni, soda mkononi: "Si mumwekee Chrome tu?" Kijana, kwenye simu hiyo Chrome ni shati. Mwili ndani ni WebKit, injini ileile ya Safari. Utambadilisha mashati mpaka Iddi, kiuno ni kilekile.

Lakini kilichoniuma zaidi ni uongo wa kivinjari chenyewe. CSS inakuruhusu kukiuliza kivinjari kabla hujakitwika mzigo, kwa @supports: jambo hili unalijua? Kikilijua unakipa, kisipolijua unakipitisha njia ya zamani. Nikauliza: gap unaijua? Kikajibu bila kupepesa: naijua. Sasa mbona huitendi? Kumbe kinaijua kwenye gridi, ule mpangilio wa safu na nguzo, kwenye fleksi hakijawahi kuisikia, na swali langu halina pa kutofautisha. Unamuuliza mtu kama anajua kuendesha, anaitikia, unamkabidhi funguo za fuso, kumbe yeye alikuwa anasemea bajaji.

Najua wakongwe wa kazi hii watasema nadeka. Wao walipambana na Internet Explorer 6, kivinjari cha Microsoft cha mwaka 2001, na nikisoma visa vyake hata mimi nanyamaza. Unalielesha boksi kushoto kwa amri ya float, unaliwekea pembeni nafasi ya pikseli 10, lenyewe linaweka 20. Dawa yake? Unaongeza display: inline, maneno ambayo kwa boksi linaloelea hayatakiwi kubadilisha chochote. Unayaandika, boksi linatulia. Huo si uhandisi, hiyo ni hirizi. Na nembo yako ya PNG, picha ambayo nyuma yake hupaswi kuona rangi yoyote, ilitokea imezungushiwa ukungu wa kijivu, kama picha ya pasipoti iliyolowa. Ilipofika 2011 Microsoft wenyewe walifungua ukurasa wa kuhesabu kuiaga, wakiwasihi watu waiache. Mzazi anawaomba majirani wasimkaribishe mwanawe!

Basi nikamwambia mzee aniazime simu usiku mmoja.

"Chukua. Kaa nayo."

Ningejiuliza hapohapo. Mzee huyu kalamu yake ya mapokezi ameifunga kamba.

Usiku umeme umekatika, laptopu inakula chaji ya mwisho, nikarudi kwenye margin, njia ya mababu: kila kitufe nikakiongezea pikseli 12 upande wa kulia. Nikaitazama simu yenye ufa. Vitufe vimeachana, vimesimama kwenye mstari mmoja kama wanafunzi paredi. Nikapandisha faili, nikalala saa nane.

Asubuhi, saa kumi na mbili na robo, namba mpya.

"Fundi, ni mimi. Mwanangu kaja kutoka Muscat, kaniletea simu ya kisasa."

"Hongera sana mzee."

"Ahsante. Sasa hiki kitufe cha 'Piga Simu' mbona kimeshushwa chini peke yake? Jana walikumbatiana, leo wamepeana talaka?"

Nikafumba macho. Gap sikuifuta. Kumi na mbili za gap, juu yake kumi na mbili za margin. Simu mpya, kwa kuwa imesoma, imezipokea zote, mstari ukajaa.

"Nakuja mzee. Naifuta hiyo gap, naacha ya zamani peke yake."

"Njoo. Na ile simu yangu usiisahau," akasema. "Nimeshampa mama. Naye anataka kuiona tovuti."